Ngoma Iliyorudi Hekaluni Bila Wenyewe

*Kwa karne nyingi wanawake wa Kusini mwa India walicheza mbele ya miungu kama sehemu ya ibada ya kila siku. Sheria ya mwaka 1947 iliwatoa hekaluni. Ngoma yao ilibaki, ikapewa jina jipya na jukwaa jipya, na hadi leo inagombewa.*

Sheria iliyopitishwa mkoani Madras, Kusini mwa India, mwishoni mwa mwaka 1947, miezi michache tu baada ya nchi hiyo kujipatia uhuru wake, ilitamka kwamba mwanamke kucheza ngoma ndani ya eneo la hekalu, au katika maandamano ya sanamu ya mungu wa Kihindu, awe ameshika taa ya ibada au hakuishika, ni kosa. Kwa maneno hayo machache, tendo ambalo kwa karne nyingi lilihesabiwa kuwa ibada, sawa na kuiogesha sanamu, kuivika maua na kuifukizia ubani, liligeuzwa kuwa shauri la polisi na mahakama.

Leo hali ni nyingine kabisa. Usiku wa Mahashivaratri, mkesha mkuu wa mungu Shiva ambao huangukia mwezi wa Februari au Machi, wachezaji kutoka kila upande wa India na hata ng'ambo hukusanyika Chidambaram, mji wa hekalu katika jimbo la Tamil Nadu, kwa ajili ya tamasha la Natyanjali, yaani sadaka ya ngoma, ambalo limekuwa likifanyika tangu mwaka 1981. Wanavaa hariri na vito vya kichwani vilivyokuwa vya wanawake wa hekaluni, na wanacheza vipande vilivyohifadhiwa na familia za wanawake hao kwa vizazi. Wazao wa familia zenyewe, hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwao.

Kati ya sheria ile na tamasha hili umo mgogoro ambao haujaisha, na ambao hauhusu sanaa peke yake. Unahusu swali la nani mwenye ibada: je, ni yule aliyeirithi na kuitunza, au yeyote anayeitenda kwa moyo safi? Na je, ibada inaweza kusafishwa kwa kuwaondoa waliokuwa wakiitenda?

Neno moja, mambo matatu

Msomaji wa Kiswahili ana wepesi wa kuielewa ibada hii ambao wasomaji wa lugha nyingine huenda wasiwe nao, kwa kuwa neno ngoma hubeba kwa pamoja chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa na shughuli yenyewe iliyowakutanisha watu. Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu, nacho kina neno la aina hiyo, sangita, ambalo wanazuoni wa muziki wa karne ya 13 walilifafanua kuwa ni uimbaji, upigaji wa ala na uchezaji vikiwa kitu kimoja.

Kitabu kikongwe cha sanaa hizo, Natyashastra, ambacho kwa mapokeo hunasibishwa na mwenye hekima aitwaye Bharata, hujiita Veda ya tano, yaani nyongeza ya vile vitabu vinne vitakatifu vya Wahindu. Na hudai kwamba maneno yake yalichotwa katika Veda moja, uimbaji katika ya pili, uigizaji katika ya tatu na hisia katika ya nne. Katika sura yake ya nne kinaorodhesha karana 108, karana ikiwa ni mwendo mmoja kamili ambao mkono, mguu na kiwiliwili huutenda kwa pamoja.

Kwa wafuasi wa Shiva, mungu mwenyewe ni mchezaji. Sanamu yake mashuhuri ya shaba, Nataraja, yaani bwana wa ngoma, humwonyesha ndani ya duara la moto, mguu mmoja umekanyaga kijitu kinachowakilisha ujinga na wa pili umeinuliwa hewani. Mkono mmoja umeshika kigoma, ambacho mlio wake ndio mwanzo wa viumbe, na mwingine umeshika mwale wa moto, ambao ndio mwisho wao. Hekalu la Chidambaram ndilo linaloaminiwa kuwa mahali alipoicheza ngoma hiyo.

Jambo jingine linalopaswa kufahamika ni kwamba ibada ya hekaluni, iitwayo puja, hufuata adabu za takrima. Sanamu iliyokwisha kuwekwa wakfu huhudumiwa kama mfalme aliyepo kwa nafsi yake: huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, huandaliwa chakula, huimbiwa na kulazwa usiku. Vitabu vya taratibu za mahekalu, viitwavyo Agama, huihesabu ngoma miongoni mwa huduma hizo. Anayecheza hapo hawatumbuizi watu waliokuja kutazama, hata kama ua umejaa watazamaji. Anamhudumia mwenye nyumba.

Nje ya kuta za hekalu kulikuwa na mkondo mwingine. Kuanzia karibu karne ya 6, washairi wa miongoni mwa watakatifu wa Kitamil, wale 63 wa Shiva waitwao Nayanar na wale 12 wa mungu Vishnu waitwao Alvar, waliimba mapenzi yao kwa mungu kwa lugha ya watu wa kawaida, na mapenzi hayo ya mja kwa mungu wake ndiyo yaitwayo bhakti. Huko Bengal, Mashariki mwa India, Chaitanya (1486–1534) aliutoa wimbo wa ibada akaupeleka barabarani: kiongozi huanza, umati huitikia, ngoma ya udongo iitwayo khol na matoazi huongeza kasi, mpaka waimbaji wenyewe wanajikuta wanacheza mikono ikiwa juu. Mtu aliyewahi kuhudhuria zikri, au kuiona safu ya maulidi ya homu ikiyumba kwa pamoja huko Unguja, hatakuwa mgeni wa hali hiyo. Na anayeyakumbuka mabishano ya mashekhe wa pwani juu ya kupigwa matari katika mambo ya dini atatambua kwamba si Wahindu peke yao waliojiuliza kama mwili nao umealikwa katika ibada.

Kalam 100 za mpunga

Ushahidi mkubwa kuliko wote juu ya wanawake wa hekaluni umeandikwa kwenye mawe. Mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, alipokamilisha hekalu kuu la Shiva mjini Thanjavur karibu mwaka 1010, aliweka waimbaji 48 na wapiga ngoma wawili kwa ajili ya tenzi za Nayanar, kisha akawahamisha wanawake wapatao 400 kutoka mahekalu mengine ya milki yake, akawapa kila mmoja nyumba katika mitaa iliyolizunguka hekalu na fungu la kalam 100 za mpunga kwa mwaka, kalam ikiwa ni kipimo cha nafaka cha Watamil. Yote hayo yamechongwa kutani kwa utaratibu wa daftari la mishahara.

Katika hekalu hilohilo, ndani ya ujia wa ghorofa ya juu unaozunguka mnara, Shiva amechongwa akicheza karana moja baada ya nyingine. Zimechongwa 81. Mawe 27 yaliyokusudiwa kuzipokea zilizosalia yamebaki matupu.

Baadaye wanawake hao walikuja kujulikana kote kwa jina la devadasi, maana yake mtumishi wa kike wa mungu. Binti aliwekwa wakfu kwa sherehe ya ndoa ambamo alifungwa shingoni kidani cha ndoa kwa jina la mungu wa hekalu, na tangu siku hiyo mume wake alikuwa mungu. Kwa kuwa mungu hafi, mke wake hawezi kukaa kizuka wala kuitwa mjane. Hivyo aliitwa nityasumangali, mwanamke mwenye heri ya daima, katika jamii ambamo kumwona mjane asubuhi kulihesabiwa kuwa nuksi.

> Aliyeolewa na mungu hakuweza kuwa mjane. Ndiyo maana mkono wake ndio ulioaminiwa kuzungusha taa ya kuondoa kijicho.

Huduma yake iliyokuwa na uzito mkubwa haikuwa hata ngoma ndefu. Ilikuwa ni kumbharati, tendo la dakika chache ambamo aliinua taa iliyowekwa juu ya chungu, akaizungusha taratibu mbele ya uso wa sanamu, ili kuondoa kijicho chote kilichoipata sanamu kwa kutazamwa na watu wengi mchana kutwa. Makuhani, ambao ni wanaume wa tabaka la Kibrahmani, walizungusha taa zao, lakini hii ilikuwa yake.

Utumishi huo uliambatana na haki ambazo wanawake wengine wa wakati huo hawakuwa nazo. Devadasi alimiliki ardhi ya wakfu, alirithisha mali kwa binti zake, aliweza kuasili mtoto wa kike wa kumrithi, na alisoma na kuandika. Aliweza pia kuwa na uhusiano wa kudumu na bwana mmoja, mara nyingi tajiri mwenye mashamba au mtu wa ikulu, bila kuwa mke wake wa ndoa. Wanaume wa jamii yake walikuwa wapiga nagaswaram, zumari ndefu ya mahekalu ya Kusini, au nattuvanar, yaani walimu wa ngoma ambao huliongoza onyesho kwa matoazi madogo na kwa kutamka silabi za mapigo.

Pande mbili, jamii moja

Kuanzia mwaka 1892 Wahindu wenye elimu ya Kiingereza pamoja na wamisionari walianza kuwaandikia watawala wa Kiingereza wakiwataka wasihudhurie hafla zenye wachezaji wa kike. Jina la devadasi likawekwa kapu moja na ukahaba, na falme za kienyeji ambazo hapo awali ziliwalipa zilikuwa zimekwisha nguvu au zimekwisha kufutwa. Thanjavur yenyewe ilimezwa na Waingereza katikati ya karne ya 19.

Lakini ni makosa kuisimulia habari hii kana kwamba ni wageni tu walioipiga vita ngoma ya hekaluni, kwa maana aliyesimama mbele katika kudai sheria alikuwa Daktari Muthulakshmi Reddy (1886–1968), mwanamke wa kwanza kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria katika India ya wakati wa Waingereza, ambaye mama yake mzazi alitoka katika jamii ya devadasi. Alijua alichokisema. Alikuwa ameona mabinti wadogo wakifungwa kidani kabla hawajajua maana yake, na hakukubali kwamba dini inaweza kuwa kisingizio cha jambo hilo. Upande wake alikuwapo pia Moovalur Ramamirtham Ammaiyar, aliyekuwa devadasi mwenyewe kabla ya kuiacha kazi hiyo, na ambaye mwaka 1936 alichapisha riwaya ya kuufichua mtego aliouona humo.

Upande wa pili ulikuwa na mtu wa uzito uleule. Bangalore Nagaratnamma (1878–1952), devadasi, mwimbaji na msomi wa lugha kadhaa, alisimama pamoja na wenzake wa chama cha devadasi cha Madras kupinga muswada, wakieleza kwamba wao ni watumishi wa dini na wahifadhi wa elimu, na kwamba kumwita kila mmoja wao kahaba ni kuwapora heshima kwanza na riziki baadaye. Mwanamke huyu hakuwa mgeni wa kupigania alichokiamini: mwaka 1910 alichapisha upya utenzi wa mapenzi ya mungu Krishna wa Muddupalani, mshairi wa kike wa karne ya 18, na serikali ikaupiga marufuku; tena ndiye aliyetumia mali yake kujenga ukumbusho juu ya kaburi la mtungaji mkuu wa nyimbo za ibada, Tyagaraja (1767–1847), huko Tiruvaiyaru kando ya mto Kaveri. Ibada ya kila mwaka ya mahali hapo ilipowafungia wanawake mlango, aliandaa ya wanawake hapohapo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940 makundi yote yakaungana.

Mwaka 1929 sheria ya mali za wakfu wa Kihindu ilirekebishwa ili ardhi walizopewa devadasi kwa sharti la utumishi ziweze kubaki mikononi mwao bila sharti hilo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mwanaanthropolojia Amrit Srinivasan ameonyesha kwamba mabadiliko ya wakati huo yaliwainua zaidi wanaume wa jamii hiyo, ambao chini ya mila ya zamani urithi wao ulikuwa mdogo, kuliko wanawake ambao kwa jina lao sheria ziliandikwa.

Kisha ikaja sheria ya 1947. Kilichoifanya iwe nzito ni kwamba haikukomea kwenye kuzuia mabinti kuwekwa wakfu, jambo ambalo mtu mwenye huruma hawezi kulipinga, bali iliharamisha tendo lenyewe la kucheza. Mzee aliyekwisha kuwa devadasi kwa miaka 40, asiye na binti wa kumweka wakfu wala nia hiyo, naye alikatazwa kuinua taa yake. Sheria iliyokusudia kumlinda mtoto ilimwadhibu bibi, na hapo ndipo ilipokosea.

Jina jipya, jukwaa jipya

Wakati hekalu likifungwa, ukumbi ulikuwa ukifunguliwa. Wakili E. Krishna Iyer, ambaye mwenyewe aliwahi kuicheza ngoma hiyo akiwa amevaa mavazi ya kike ili kuwaonyesha watu kwamba haina aibu, alishirikiana na Chuo cha Muziki cha Madras kuwaalika wachezaji wa kijadi jukwaani katika miaka ya 1930. Ngoma iliyokuwa ikiitwa sadir ikaanza kuitwa Bharatanatyam.

Mwaka 1933 Rukmini Devi Arundale (1904–1986), mwanamke wa Kibrahmani aliyekuwa katika jumuiya ya Wateosofia, iliyotafuta hekima ya pamoja katika dini zote, aliiona ngoma hiyo, akajifunza kwa Meenakshisundaram Pillai, nattuvanar mkuu wa kijiji cha Pandanallur, na Desemba 1935 akaicheza hadharani mjini Madras. Mwaka uliofuata alianzisha chuo cha Kalakshetra. Aliyabuni upya mavazi, akawahamisha wanamuziki waliozoea kusimama nyuma ya mchezaji na kuwakalisha kando, akaweka sanamu ya Nataraja jukwaani, na akapunguza yale yaliyoonyesha waziwazi mapenzi ya mwanamke kwa mwanamume.

Wapo wanaomshukuru kwa kuiokoa sanaa iliyokuwa inakata roho, na shukrani hiyo ina msingi, kwa sababu bila yeye na wenzake mabinti wa familia za heshima wasingeruhusiwa kuigusa. Wapo wanaosema kwamba aliokoa ngoma akaacha watu. Kauli zote mbili ni za kweli, na ugumu wa jambo hili umo katika kuzishika zote mbili bila kuiachia moja.

Hekalu lililomo ndani ya ngoma

Aliyemjibu Rukmini Devi kwa hoja na kwa mwili ni T. Balasaraswati (1918–1984), mjukuu wa Dhanammal, mpigaji maarufu wa ala ya nyuzi iitwayo vina, na mtoto wa ukoo wa devadasi, aliyeanza kucheza hadharani mwaka 1925 huko Kanchipuram akiwa na umri wa miaka saba. Yeye alishikilia kwamba ngoma haikuwa na uchafu wa kusafishwa. Sringara, yaani hisia ya mapenzi, ambayo wengine walikuwa wakiipunguza, kwake ndiyo iliyokuwa roho ya ibada, kwa sababu hakuna lugha nyingine ambayo binadamu anaijua vizuri kiasi hicho ya kumtamani asiyeonekana.

Katika hotuba aliyoitoa miaka ya 1970 alieleza mpangilio wa onyesho kwa kulilinganisha na hekalu, na maelezo yake yanastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Kipande cha kwanza, alarippu, ambamo viungo hufunguka kimoja kimoja, macho kwanza, kisha shingo, kisha mabega, ni mnara wa lango. Jatiswaram, mchezo wa mapigo na sauti bila maneno, ni ukumbi wa kwanza. Na sabdam, ambamo maneno ya wimbo huingia kwa mara ya kwanza, ni ukumbi mkubwa. Varnam, kipande kirefu kinachoweza kuchukua hata saa nzima, ni eneo takatifu linaloizunguka sanamu. Padam, wimbo wa taratibu wa mapenzi, ni chumba cha ndani kabisa, kidogo na chenye giza, ambamo ngoma huachwa kupigwa kwa kishindo na mwendo wa miguu karibu unakoma. Tillana ya mwisho, yenye furaha na mbio, ni kuwashwa kwa kafuri mbele ya mungu, wakati kengele zote zinapolia.

> Kwa Balasaraswati, aliyefungiwa mlango wa hekalu, hekalu lilikuwa tayari limejengwa ndani ya onyesho.

Ndani ya padam mtu huona namna ibada hiyo inavyotendeka. Mshairi Kshetrayya wa karne ya 17 alitunga kwa lugha ya Telugu padam nyingi ambamo mwanamke humsemesha Krishna, akimlaumu kwa kuchelewa, kwa ahadi alizovunja, kwa usiku alioupitisha kwingine. Mstari mmoja huimbwa tena na tena, na kila unaporudi mchezaji huutafsiri upya: mara ya kwanza kwa kidole kinachoonyesha mlango, mara ya pili kwa jicho linalogeuka kabla ya kichwa, mara ya tatu kwa mkono ulioanza kuita na kurudi kifuani bila kukamilisha mwito. Ufasiri huo wa maneno kwa uso na mikono huitwa abhinaya. Balasaraswati aliucheza mara nyingi huku yeye mwenyewe akiimba, kama ukoo wake ulivyofundisha, kwamba asiyeuimba wimbo hajauelewa. Mwaka 1973 Chuo cha Muziki cha Madras kilimpa heshima yake ya juu kabisa, Sangita Kalanidhi, na akawa mchezaji ngoma wa kwanza kuipata.

Watawa wa Majuli

Je, ngoma ya ibada ingeweza kuingia jukwaani bila kupoteza watu wake? Jibu limo Assam, Kaskazini Mashariki mwa India, ambako mtakatifu Sankaradeva wa karne ya 15 na 16 alianzisha nyumba za utawa zinazoitwa sattra, zikiwamo zile mashuhuri za kisiwa cha Majuli kati ya maji ya mto Brahmaputra. Humo watawa wa kiume walicheza na kuigiza habari za Krishna kama sehemu ya sala zao, na bado wanacheza. Mwaka 2000 taasisi ya taifa ya sanaa iliitambua ngoma yao, Sattriya, kuwa miongoni mwa ngoma za jadi kuu za India. Wanawake wameingia, majukwaa yamefunguliwa, na watawa hawakuondolewa katika ukumbi wao wa sala.

Bila shaka watawa wale, wengi wao wakiwa wameapa kutooa, hawakubeba tuhuma walizobebeshwa devadasi. Hata hivyo, ulinganisho huo unaonyesha kitu ambacho watetezi wa sheria ya 1947 hawapendi kukitazama, nacho ni kwamba mwili uliohesabiwa kuwa najisi ulikuwa mwili wa mwanamke asiye na mume wa kibinadamu, wala si ngoma.

Katika mji wa Puri, pwani ya mashariki, kwisha kwa wanawake wa hekaluni kulikuwa kwa kimya. Wachezaji wa hekalu la Jagannath waliitwa mahari, jina linalofanana kwa sauti na neno la Kiswahili ingawa hayana uhusiano, na walimwimbia mungu nyimbo za Gita Govinda, utungo wa Jayadeva wa karne ya 12. Hakuna waliojitokeza kuwarithi. Shashimani Devi, aliyejulikana kuwa wa mwisho wao, alifariki Machi 2015 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Ngoma ya Odissi, ambayo kwa sehemu ilisukwa upya katika miaka ya 1950 kutokana na ujuzi wa mahari na wa wavulana wacheza ngoma waitwao gotipua, huchezwa leo katika miji mikuu ya dunia.

Jeraha lililo wazi

Wanaotamani kuurudisha utaratibu wa zamani kama ulivyokuwa hawana budi kutazama Karnataka ya Kaskazini, ambako mabinti wa familia maskini za Kidalit, tabaka lililobaguliwa kuliko yote, wamekuwa wakiwekwa wakfu kwa mungu wa kike Yellamma, mwenye hekalu lake kuu Saundatti. Hawa hawakufundishwa ngoma wala nyimbo za wakuu, hawakupewa ardhi, na wengi wao waliishia katika madanguro ya miji mikubwa. Karnataka iliharamisha desturi hiyo mwaka 1982, na Andhra Pradesh ikafuata mwaka 1988. Kwa mabinti hao, Muthulakshmi Reddy hakukosea hata chembe.

Ndiyo maana wasomi na wachezaji wa siku hizi waliozaliwa katika jamii ya wanamuziki wa hekalu, inayoitwa sasa Isai Vellalar, hawaombi desturi irudishwe. Wanachodai ni kutajwa: kwamba anayefundisha varnam aseme imetoka kwa nani, kwamba historia inayofundishwa vyuoni isirukie kutoka kwenye maandiko ya Kisanskriti hadi Kalakshetra kana kwamba kati yake hapakuwa na watu, na kwamba mtoto wa nattuvanar asionekane mgeni katika ukumbi unaoishi kwa kazi ya babu yake.

Mlango ni wa nani?

Swali la nani aingie limezidi kupanuka. Mwaka 2022 hekalu la Koodalmanikyam katika jimbo la Kerala lilimwondoa katika orodha ya wachezaji wa sikukuu yake msanii wa Bharatanatyam aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu, kwa hoja kwamba jukwaa lilikuwa ndani ya eneo ambalo asiye Mhindu haruhusiwi kuingia. Wachezaji wengine kadhaa walijitoa ili kumuunga mkono. Hekalu lilisimama juu ya kanuni yake, na msanii juu ya miaka yake ya mafunzo, lakini ni vigumu kusahau kwamba miaka 75 kabla ya hapo waliozuiwa walikuwa Wahindu walioolewa na mungu mwenyewe.

Hata garba, ngoma ya duara ya Wagujarati ambayo wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala huisikia kila mwaka katika usiku wa siku tisa za Navaratri, imeguswa. Jina lake linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi, na asili yake ni kuzunguka chungu cha udongo chenye matundu, taa ikiwaka ndani yake, kuwa ishara ya uhai uliobebwa na mungu wa kike. Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiandika garba katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Na bado huko Gujarat makundi fulani hudai kila msimu kwamba Waislamu wazuiliwe langoni.

Majina ukutani

Septemba 2010 hekalu la Thanjavur lilitimiza miaka 1000, na wachezaji 1000 wa Bharatanatyam, wakiongozwa na Padma Subrahmanyam, ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzichunguza karana zilizochongwa mle, walicheza kwa pamoja katika ua wake. Ulikuwa wakati wa fahari, na ibada yao haina sababu ya kutiliwa shaka.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye ukuta wa nje, maandishi ya Rajaraja bado yanasomeka. Waliochonga hawakuandika jumla ya wanawake tu. Walimwandika kila mmoja kwa jina lake, hekalu alikotolewa, mtaa aliopewa, upande wa mtaa huo, na nyumba yake ni ya ngapi.